Uzi Ulipokatika Morogoro

Mwaka 1986 nilikuwa mwimbaji wa tatu katika bendi moja ya Dar es Salaam. Mwimbaji wa tatu ndiye anayeitikia, anayebeba spika, na ndiye anayekabidhiwa maiki na kiongozi mambo yakiharibika. Jumamosi ile yaliharibikia Morogoro.

Lori la vyombo liliingia Msamvu jioni. Ukumbi ulikuwa karibu na stesheni ya reli, na kufikia saa nne usiku ulikuwa umefurika. Njiani kiongozi alinipa onyo moja tu: "Bwana mdogo, kati ya wimbo na wimbo usihutubu. Watu wamelipa kiingilio waje kucheza." Nilimwelewa. Dansi letu la wakati ule wimbo mmoja ulikwenda dakika nane, hata kumi. Waimbaji wanasimulia kisa taratibu, kisha magitaa yanafungulia chemko, ile sehemu ya kasi, na watu wanalowa jasho. Mchezaji ukimsimamisha katikati ya ukumbi asikilize maneno, mwili unapoa, anarudi mezani, na kumwinua tena si kazi ndogo.

Wimbo wa tano, chemko limekolea, uzi wa kwanza wa gitaa la solo ukakatika. Miaka ile nyuzi mpya zilikuwa adimu kama sukari. Mpiga solo wetu alitembea na kipande cha waya wa breki ya baiskeli. Uzi ukikatika aliuchambua waya ule, akatoa unyuzi mmoja mwembamba, akaufunga, kisha akaukaza kidogo kidogo kwa kuhofia usije ukakatika nao. Hapo dakika kumi zimekwenda. Kiongozi akanitazama. "Sema nao."

"Mji kasoro bahari, mpooo?"

Waliitika kivivu. Kila bendi ngeni iliwaita hivyo. Nikapandisha sauti, nikasema tumefurahi kuukanyaga mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa hapahapa chini ya Uluguru, akaenda na bendi ya Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, mwaka 1970.

"Hakuzaliwa hapa!" Sauti ya mwanamke ilitoka meza za mbele. "Kazaliwa Mzenga, Kisarawe. Hapa alikuja, tukampenda."

Ukumbi ukacheka. Kwa nilivyozoea kuona wakubwa wangu wakifanya, ningepiga kelele nyingine juu ya kicheko kile na mambo yakaishia hapo. Lakini kitu fulani katika ile "tukampenda" kilinivuta. Nikashuka jukwaani hadi pale waya wa maiki ulipogoma, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikukugombeza, nimekusahihisha tu."

Nikamuuliza alimjuaje Mbaraka. Akasema hakumjua, alikuwa akienda kucheza tu kama wengine. Halafu, bila mimi kuongeza swali, akaanza kusimulia Januari ya 1979. Alikuwa anachoma vitumbua redio ilipotangaza kwamba Mbaraka amekufa kwa ajali ya gari, Mombasa. Vitumbua vyote vikaungua. Lakini siku ile, alisema, hakumlilia Mbaraka peke yake. Mwanawe wa kwanza alikuwa vitani, Kagera. Mtangazaji kila alipoanza kusema "tunasikitika", yeye alishika kifua kabla jina halijafika. Likafika jina la Mbaraka, akashukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

"Akarudi, mama?" Swali lile sikupaswa kuliuliza mbele za watu, na hadi leo linanichoma.

"Hakurudi."

Ukumbi mzima, wenye chupa mezani na watu waliokuja kustarehe, ulinyamaza hata nikausikia ule unyuzi wa breki ukilia nyuma yangu ukikazwa. Sikuwa na la kusema. Nashukuru sikulitafuta.

Nikiwasikia wasanii vijana siku hizi wakiita "mpooo?" na kuanzisha wimbo kabla jibu halijatua, naumia kweli. Ni swali zuri lile. Aliyekuja ukumbini kaja na mambo yake yote, na wakati mwingine yu tayari kuyasema, ila hakuna anayenyamaza amsikilize.

Mama akasema, "Nyinyi mkiimba mnataja majina ya wenye pesa. Litaje na la mwanangu."

Akanitajia. Nikalirudia kwenye maiki, jina lake na la baba yake, polepole. Meza ya nyuma wanaume wawili wakasimama wima, mikono ubavuni, hawakusema neno. Wakasimama hivyo kitambo, wakaketi.

Mpiga solo akaugonga uzi mara moja, akaniashiria kwa kichwa. Ulikuwa chini kidogo ya wenzake na haukutaka kupanda zaidi. Niliporudi jukwaani kiongozi hakuniuliza kwa nini nilizidisha maneno. Aliuacha wimbo uliopangwa, akaita mwingine, wa taratibu, ambao kwa kawaida tuliuweka karibu na alfajiri. Tukauimba sauti tatu. Mama alibaki kitini, mikono mapajani, akitazama sakafu.

Chemko lilipoanza, mmoja wa wale wanaume wawili alipita katikati ya wachezaji, akafika mezani kwake, akainama, akampa mkono. Mama alimtazama kwanza usoni, muda mrefu. Halafu akavua kandambili, akazisukuma chini ya meza, akainuka.