Meli ya mchanga kwenye simu ya mjomba

Jumapili nilikaa na mjomba wangu, mvuvi wa Tiwi, pwani ya Kenya, nikamfungulia ramani ya Marine Sand Watch, jukwaa lililozinduliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwezi Septemba 2023. Linafuatilia meli zinazofyonza mchanga baharini kwa kutumia ishara za redio ambazo meli kubwa hutoa zikiwa safarini, na akili mnemba hutambua, kwa jinsi meli inavyokwenda polepole na kurudi palepale, kwamba inachimba. Makadirio yake ni kwamba tani bilioni 4 hadi 8 hutolewa kila mwaka.

Mjomba alinyamaza kwa muda, kisha akanikumbusha mwaka ambao maji ya nje ya mwamba yaligeuka rangi ya chai ya maziwa na madema yake, mitego ya samaki, yakatoka yamejaa tope, naye alipolalamika akaulizwa ushahidi uko wapi.

Ushahidi huo sasa unaweza kuhifadhiwa, na hilo kwangu ni jambo kubwa, ingawa vyombo vidogo bado havionekani kwenye mfumo huo. Natamani sana kamati zetu za usimamizi wa fuo zifundishwe kuisoma ramani hii kabla ya kibali kingine cha kuchimba kutolewa, si baada ya samaki kuhama.

Tulipoagana, mjomba aliniomba nimwandikie anwani ya tovuti hiyo kwenye daftari lake la madeni ya samaki.