Maandazi ishirini na saba

Jumapili usiku, Columbus, Ohio

Nimeyatuma maombi. Kurasa kumi na moja za mwandiko wa mkono, nimezipiga picha mojamoja juu ya meza ya jikoni. Doa la mafuta kwenye ukurasa wa tatu nimeliacha lilivyo.

Ni maombi ya Ross, kambi ya hisabati ya wiki sita wakati wa likizo ya kiangazi, kwa wanafunzi wa sekondari. Arnold Ross aliianzisha mwaka 1957 katika chuo cha Notre Dame, akaihamishia mji wetu huu mwaka 1964, na hadi leo wanafunzi wanaanza na nadharia ya namba. Niliposema "kambi" Mama alinyamaza. Kwetu neno hilo lina maana moja tu: Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, nilikozaliwa. "Hii mtu anatoka akitaka," nikamwambia. Akacheka kwa shida.

Sisi ni watu wa fomu. Kabla sijajua kusoma nilijua tarehe Mama aliyokimbia Fizi, kule Kongo, maana kila aliyemhoji aliiuliza upya, kuona kama majibu yanalingana na ya mwanzo. Kwa hiyo nikiomba kitu chochote mkono unajiendea wenyewe: kambi, foleni ya mgao, mvua inayovuja. Mwaka jana niliomba nafasi kwingine, na mwalimu aliyenisomea insha akaniambia, "Ongeza huzuni kidogo." Nikaongeza. Sikupata. Mpaka leo sijui kinachoniuma zaidi, kukosa au kule kuongeza.

Ross nao wana maswali ya insha, ila mimi kilichonila wiki zangu ni hesabu. Unapewa maswali machache, unakaa nayo peke yako, na jibu tupu halitoshi: lazima uthibitishe. Sitayaandika hapa. Nitatoa la jamii hiyo, nililojitungia la mazoezi.

Jumamosi Mama hukaanga maandazi ya kuuza. Tuseme anayafunga katika mifuko ya matano na mifuko ya manane, na mfuko haufunguliwi. Mteja akitaka 13, anapewa mfuko mmoja wa kila aina. Akitaka 14, hapati. Je, idadi zisizowezekana zina mwisho?

Nilijaza karatasi mbili. 17 haiwezekani, 22 haiwezekani, 27 haiwezekani. Kisha 28 ikakubali (minne ya matano, mmoja wa manane), na 29, 30, 31, 32 nazo zikakubali. Nilikuwa ndani ya basi nilipoona: tano mfululizo! Kila moja ukiiongezea mfuko wa matano unapata 33 hadi 37, ukiongeza tena unapata tano nyingine, na hakuna pengo litakalotokea tena. Basi 27 ndiyo ya mwisho. Nilipitiliza vituo viwili nikarudi kwa miguu kwenye theluji.

Kitu kingine nilichokigundua: ninathibitisha kwa Kiswahili. Kambini tulisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Hapa ni Kiingereza. Lakini kichwani ni "kwa kuwa" na "basi", sauti ya Mama akimbana mteja aliyedai chenji mara mbili. Kiingereza nilikiandika mwishoni, kama kunakili kwenye daftari safi.

Katika kurasa zile kumi na moja, Nyarugusu haimo hata mara moja. Sikuificha. Haikuhitajika, basi.

Sasa ubaya. Saa moja baada ya kutuma, nikiosha vyombo, nimeona tundu kwenye ukurasa wa nane. Nimezungumza kama kwamba namba zozote mbili zinafaa, na si kweli. Chukua mifuko ya 6 na ya 8: yote ni shufwa, hivyo mteja wa maandazi 101 hapati kamwe, hata wa 1,001. Idadi zisizowezekana hapo hazina mwisho. Nilitakiwa kusema tangu mwanzo kwamba namba hizo mbili zisiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Sentensi moja tu!

Nimemwambia Mama. Ameacha kukanda unga akanitazama kama nimewasha moto ndani ya nyumba. "Usiguse. Ukishabadilisha maneno, faili linarudi chini kabisa."

Ameenda kulala. Nimefungua baruapepe na kuandika mstari wa kwanza: kwenye ukurasa wa nane nilikosea.