Riba imeshuka, mi nachora bomba

Jumatano usiku. Umeme upo, feni inazunguka, acha niandike kabla usingizi haujanibeba.

Wiki hii nimeshinda na riba ya Benki Kuu ya Tanzania. Sijakopa jamani, nimepewa makala niichoree picha. Mhariri wa jarida moja la biashara ambalo nalifanyia kazi mara kwa mara alinitumia meseji: "Kaka za leo, nina makala ya riba, nataka picha ya kubeba ukurasa mzima, Ijumaa asubuhi inaingia mtamboni, halafu nakuomba isiwe na mishale." Nikacheka peke yangu. Huyu dada tumeshazoeana, anajua kabisa ukimwambia mchoraji neno biashara mkono unaenda wenyewe kwenye mshale unaopanda, mwanaume wa suti na brifkesi yake anakimbilia juu kwenye ngazi ya sarafu, mti unaoota noti, mikono miwili inashikana. Hizo picha zimejaa mtandaoni za bure na za kununua, na shida yake si kwamba ni mbaya, shida yake ni kwamba hazina anayeishi ndani yake. Huyo wa brifkesi mi sijawahi kukutana naye Kariakoo hata siku moja.

Kuna klayenti mwingine, huyu wa mambo ya akaunti za akiba, aliwahi kunitumia nguruwe wa plastiki mwenye tundu mgongoni, eti nimtengenezee kitu cha namna hiyo. Nikamuuliza kwa upole, hivi hili tangazo si linaenda na Tanga na Zanzibar? Akakaa kimya kidogo halafu akajibu "weka kibubu basi." Kibubu cha mbao kilichopigwa misumari kila aliyekulia uswahilini anakijua, na anajua pia kwamba siku ya kukivunja lazima kuna ndugu atatokea na shida yake. Ukichora kibubu umeshachora na huyo ndugu bila kumchora. Siku hizi ndo kabisa, watu wanakutumia picha waliyotengenezewa na akili mnemba, "tufanyie kama hii ila iwe yetu", unaangalia unakuta noti zina maandishi ya lugha isiyokuwepo duniani na mtu ana vidole sita vya kuhesabia hela. Sinuni sana, angalau najua anachokitaka ni rangi gani.

Haya turudi kwenye riba. Benki Kuu ilianza kuendesha sera ya fedha kwa kutumia riba yake Januari 2024, ikaanza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapanda mpaka 6, Julai 2025 ikashushwa 5.75. Makala inauliza, sasa mbona mama lishe wa Buguruni akienda benki anakuta mkopo uko palepale kwenye kumi na tano na ushee, na akikosa huko anaangukia kwenye kausha damu, wakopeshaji wa mtaani ambako riba wanaihesabu kwa wiki? Mwandishi ameeleza vizuri kweli, kwamba hiyo riba inagusa kwanza soko la benki zenyewe kwa zenyewe, yaani riba ya mikopo ya siku 7 wanayokopeshana, na Benki Kuu inataka icheze ndani ya pointi mbili juu au chini ya riba yake, halafu kutoka hapo ndo safari inaanza: kuna gharama ya amana, kuna mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa, kuna dhamana ambayo mama lishe hana, na kuna hati fungani, karatasi ambazo serikali inakopea, benki ikizinunua inalala usingizi, haimfukuzii mtu rejesho. Mpaka ifike Buguruni imeshachoka.

Mi nikipata makala naisoma mara ya kwanza bila kushika kalamu. Mara ya pili napigia mstari vitu vinavyofanyika tu, nani anamfanya nani nini. Maana riba haichoreki, ukwasi hauchoreki, mfumuko wa bei ukijaribu kuuchora utaishia kwenye puto na hilo puto lilishachorwa na kila mtu tangu dunia iumbwe. Ila kushuka kunachoreka, kuchelewa, kukwama, kutofika. Hii makala yote ilikuwa ni kutofika. Nikaandika hilo juu ya ukurasa wa daftari, nikaanza vijiskechi vidogo vidogo vya ukubwa wa kiberiti kwa kalamu ya wino, kwa sababu kwenye kompyuta ukianza mapema unajikuta unapaka kivuli cha kidole kabla hujajua picha inasema nini.

Cha kwanza kilikuwa lifti. Ghorofa refu, riba imo ndani ya lifti inashuka, imekwama ghorofa ya kumi na mbili, chini mama amebonyeza kitufe anasubiri. Nilikipenda kwa kama nusu saa hivi. Halafu nikaona lifti haina mtu anayefaidika na kukwama kwake, ni bahati mbaya tu, na makala haikuwa inasema bahati mbaya. Kingine kilikuwa na ghorofa lenye ufa, hicho nilikifuta hata sijakimaliza, tangu lile jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024 ukimchorea mtu wa Dar ghorofa lenye ufa hatafikiria riba, atafikiria watu.

Cha tatu ndo bomba. Tenki kubwa juu kilimani limejaa, bomba linashuka linazunguka mtaa mzima, lina viungo vimefungwa tyubu za baiskeli, linavuja huku na huku, na huku mwisho kuna foleni ya ndoo. Ndoo tu, wenyewe hawapo, wameziacha zishike nafasi wakaenda kuendelea na shughuli zao, ya kwanza ina jiwe ndani isipeperuke. Yeyote aliyewahi kukaa mtaa wenye mgao wa maji anaielewa hiyo foleni bila maelezo. Nikajua hapa nimepata.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho kila siku nakiwaza kwenye hii kazi. Watu wakisikia nachora kwenye magazeti wanadhani mi ni mchora katuni, wananitajia Gado, wananitajia Kipanya, wazee wanakumbushia Chakubanga wa Christian Gregory kule kwenye gazeti la Uhuru, na mi naona ni heshima ila kazi si ileile. Mchora katuni ana kauli yake, anaamka na hasira zake anaziweka pale. Mi nimekodiwa kusindikiza kauli ya mtu mwingine. Lakini hapo ndo penye ujanja, maana msomaji anaangalia picha kwanza, kichwa cha habari pili, makala akipata muda. Kwa hiyo chombo utakachochagua kuchora kinakuwa kimeshahukumu kesi kabla mwandishi hajafungua mdomo. Nikichora mkulima na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, nimeshasema anapunjwa na mnunuzi. Nikichora mkulima huyohuyo kalala chini ya mwembe nimeshasema kosa ni lake. Makala inaweza kuwa moja, neno kwa neno.

Na hii ndo ikatuletea mjadala. Skechi ya bomba nilikuwa nimeweka watu wa suti wamekaa njiani kila penye kiungo, kila mmoja ana bilauri yake anakinga maji yanayovuja, wanakunywa. Kwa kweli ilikuwa inachekesha. Dada mhariri akanipigia badala ya kuandika, hapo nikajua kuna jambo. "Kaka picha nimeipenda ila hawa wanywaji hawatapita, unajua nani wananunua ukurasa wa nyuma." Najua. Benki ndo zinatangaza, ukurasa wa nyuma ndo unalipa karatasi, karatasi ndo inanilipa mimi. Nikataka kubisha, akaniwahi, "halafu na makala yenyewe haijasema benki zinaiba, soma tena pale kwenye mikopo chechefu." Nikasoma tena. Sehemu ya matangazo sikuikubali na bado siikubali, ila hiyo ya pili alikuwa na haki kabisa, mwandishi hakuandika wizi, aliandika njia ndefu yenye sababu zake nyingine halali.

Juu yake kuna bosi mmoja, huyu simfahamu kwa sura, akaleta wazo lake: toeni wanywaji, ila ndoo ya mama iwe na tundu, kuonesha kwamba wakopaji nao hawarejeshi. Hapo nikagoma. Nikaandika meseji ndefu kupita kawaida yangu, kwamba ndoo yenye tundu inamaanisha hata maji yakija hayatamfaa, yaani tatizo ni yeye, na makala imetumia aya nzima kueleza kwamba hana dhamana, sio kwamba halipi. Tukakubaliana katikati: wanywaji wametoka, tundu halijaingia, penye viungo nimeweka mita. Mita za maji, kila kiungo kina yake, namba zinazunguka. Kila hatua inahesabu chake, hakuna aliyeitwa mwizi, na ukiangalia vizuri ile ya mwisho kabla ya ndoo haizunguki. Sijui kama ni nzuri kuliko wanywaji. Ile ya kwanza ilikuwa na kicheko, hii ina akili zaidi, na vitu hivyo viwili havikai pamoja kila siku.

Rangi ndo zilinila usiku wa jana. Ukiangalia picha za biashara za wenzetu hela ni kijani, kwa sababu hela yao ni dola. Msimbazi wetu ni mwekundu, elfu kumi nyekundu, nikipaka hela kijani msomaji wangu anaona fedha za kigeni. Ila ukipaka nyekundu nako kwenye kurasa za biashara nyekundu ni hasara, ni soko limeanguka. Na kijani ukiiweka karibu na njano hapa Bongo umeshatoka kwenye uchumi, nusu wanaona chama nusu wanaona Yanga. Nyekundu na nyeupe, Simba hao. Wakala wa miamala ndo usiseme, mwavuli tu ukiupaka rangi umeshatangaza mtandao wa mtu bure. Kwa hiyo nimeishia na udongo wa kahawia, bomba la bluu iliyopauka, ndoo moja moja za rangi ya waridi na zambarau, zile za kawaida za dukani, na zile ndoo ndo zimebeba macho yote. Mwanzo nilitaka maji yawe na mng'ao wa kijani kibichi kama kwenye skrini, nikajikumbusha kwamba hicho kijani kwenye skrini ni taa, kwenye karatasi ni wino, kikienda kwenye rangi nne za mtambo kinarudi kimefifia kama mboga ya juzi. Mistari yote nimeiweka kwenye wino mweusi peke yake bila kuchanganya rangi nyingine, maana sahani za mtambo zikipishana hata kidogo mstari wa rangi nne unakuwa na kivuli, na uso wa mtu unatoka kama anatetemeka. Ukurasa A4, nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za kukata pembeni, faili limekwenda.

Malipo nayo, nisipoandika nitasema uongo kuhusu hii kazi. Bei nimeitaja kabla ya skechi, marekebisho mawili yamo ndani, la tatu linalipiwa, na hili la ndoo yenye tundu nimelihesabu kama mjadala sio rekebisho kwa sababu sikulichora. Mhasibu wao atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, hiyo sina ugomvi nayo, naomba tu cheti chake kila mara maana ukifika kwa TRA bila karatasi umelipa mara mbili. Kwenye ankara nimeandika matumizi ni mara moja, kwenye toleo hili na tovuti yao, wakitaka zaidi tuongee. Zamani sikuwa naandika hivyo, mpaka kampuni fulani nisiyoitaja ikachukua mchoro wangu wa makala ikauweka kwenye kalenda ya mwaka mzima, nimeiona ukutani kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe ananiambia kaka hii picha nzuri eeh. Nikamwambia nzuri sana, punguza na ndevu.

Leo mchana dada kaleta nyingine. Korosho, mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani anapewa risiti, unauzwa mnadani, na wale wanaozunguka vijijini msimu haujaanza wananunua kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha mtaani kisicho rasmi, kwa bei ya kutupa. Nimemuuliza, hii makala inasema kangomba ni mnyonyaji au ni mkombozi wa mtu mwenye ada ya mtoto wiki hii na mnada bado? Akajibu, "yote mawili kaka, ndo maana nimekuletea wewe." Nina mjomba Newala, kesho jioni akitoka shamba nampigia anielekeze hicho chombo cha kupimia wanachotumia kinafananaje, kina ukubwa gani na kimepinda wapi, maana mtandaoni naona korosho tu.