Mungu Anayetandika Kitanda

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili zamu ya tafakari imeniangukia mimi, na fungu nililochagua ni Zaburi ya 41. Aya zake ni 13 tu, kwa hiyo isome yote kwanza, kisha urudi hapa. Nitakaa zaidi kwenye aya ya 3: "Bwana atamtegemeza alipo mgonjwa kitandani. Katika ugonjwa wake umemtandikia."

Tukienda kumwombea mgonjwa, ombi letu huwa moja: Bwana, mwinue. Ni ombi jema, na Daudi mwenyewe analitoa kwenye aya ya 10. Ila kabla ya kuinuliwa kuna kulala, na kulala kwenyewe kwaweza kuwa siku nyingi. Daudi akiwa hapo katikati, hajapona wala hajafa, anamwona Mungu akishughulika na shuka. Yule aliyezitandaza mbingu anatandika kitanda, kazi ambayo wengi wetu tukipata uwezo kidogo tunamwachia dada wa nyumba.

Mnaijua kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ya hospitali moja hapa Nairobi. Dawa si zangu, sindano si zangu, na mipangilio ya mashine ya kupumulia siigusi. Vyangu ni beseni, taulo, glavu, mito na shuka. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Kule kwetu hata ukimwuliza hana la kukujibu, maana ana mpira uliopita mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na uji wenyewe unaingilia puani. Yote ambayo mwili hujifanyia bila kufikiri, sharti mtu amfanyie. Hapepesi, kwa hiyo macho yanalindwa yasikauke. Hamezi mate, kwa hiyo kinywa kinasafishwa na makohozi yanavutwa. Hajigeuzi, kwa hiyo tunamgeuza.

Kugeuza ndiyo kazi kubwa. Wewe uliyelala vizuri jana ulijigeuza usiku kucha na hukujua. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi mzito hawezi, na pale mfupa unapokandamiza nyama kwenye godoro damu haipiti. Saa chache zatosha ngozi kuanza kufa. Kwa hiyo kila baada ya saa 2, mchana na usiku, anageuzwa: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Sista anasimama kichwani ameushika ule mpira wa kupumulia, maana ukichomoka hapo tumekwisha. Wawili upande huu, mmoja upande ule. "Tayari? Moja, mbili, tatu," na mwili wote unaviringika kwa pamoja kama gogo. Hapo nina dakika chache. Naosha mgongo, naukausha, natafuta palipoanza kuharibika. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hujificha, basi napitisha nyuma ya vidole nikitafuta mahali penye joto kuliko jirani yake, au pagumu. Kisha naivuta shuka mpaka isibaki na mkunjo, kwa kuwa mkunjo mmoja ukilaliwa muda wote huo unaacha alama yake mwilini.

Kitanda nacho kinainuliwa upande wa kichwa, nyuzi 30 hadi 45, ili ya tumboni yasipande na kuingia mapafuni. Kila saa mkojo kwenye mfuko unasomwa na kuandikwa. Kwa mtu mzima wa kilo 70 tunatarajia angalau mililita 35 kwa saa, yaani vijiko 7 vya chai. Sijasikia mtu akisimama kanisani kushuhudia kwa ajili ya vijiko 7 vya mkojo, lakini nimewaona madaktari bingwa, watu wazima na mvi zao, wakitabasamu kwa sababu yake.

Tena ICU yenyewe ilianzia mikononi mwa watu. Mwaka 1952 polio ilipoupiga mji wa Copenhagen, Denmaki, wagonjwa walikuwa wengi ambao misuli ya kupumua ilikuwa imelala, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, waingizwe mpira, na hewa isukumwe kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Waliominya ni wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500, kwa zamu, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kijana anakaa kando ya kitanda cha mtu asiyemjua, anaminya, anaachia, anaminya. Mwaka uliofuata ndipo wodi maalum ya wagonjwa wa namna hiyo ikaanzishwa, na mashine zikaendelea kuja kuipumzisha ile mikono.

Nayasema haya kwa sababu kuna mahubiri yanayotufanya tuamini kwamba Mungu yuko kazini siku ya muujiza peke yake, na siku nyingine zote amekaa akitazama kama imani yetu itafikia kiwango. Mgonjwa akikaa wiki 3 bila kuinuka, watu wa maombi wanaanza kupungua, na wanaobaki wanaanza kuuliza kama kuna dhambi iliyofichwa. Daudi alikuwa na dhambi, ameiungama kwenye aya ya 4 wala hakuificha. Na bado, akiwa na dhambi yake na ugonjwa wake, kitanda chake kinatandikwa. Mimi nimeshaamua kuamini kwamba saa 9 usiku, tunapomgeuza mama wa watu ambaye hali yake haijabadilika tangu Jumatatu, Mungu hayuko mbali akisubiri wakati wake. Hiyo ni mojawapo ya kazi zake, na ametushirikisha.

Wageni nao wamo kwenye zaburi hii, sijui kama mliwaona. Aya ya 6: mtu anakuja kumtazama mgonjwa, anasema maneno matupu, na akitoka nje anayatangaza. Daudi hakuijua WhatsApp, lakini alimjua yule anayepiga picha ya mgonjwa na mashine zake na kuirusha kwenye kundi la ukoo kabla hajafika kwenye lifti. Aya ya 8 ni mbaya zaidi: amelala huyo, hatasimama tena. Nimeyasikia hayo yakisemwa kando kabisa ya sikio la mgonjwa, na msemaji akiwa na Biblia kwapani. Sisi tumefundishwa kuongea na mgonjwa hata akiwa usingizini. "Mama, naosha mkono wako wa kulia sasa, maji ni ya vuguvugu." Wapo waliozinduka wakasimulia sauti walizozisikia.

Na mafuta ya upako, jamani: ulizeni kwanza. Palipo na oksijeni nyingi mafuta hushika moto upesi, na chupa iliyoshikwashikwa kwenye matatu yote ya Jogoo Road huja na vijidudu vyake. Yakobo 5:14 inawaita wazee wa kanisa waje. Haikuwakataza kunawa mikono.

Nirudi kwenye zaburi, kwa kuwa kuna mahali inapokwenda ambapo huenda hatupatazami sana. Usiku ule wa mwisho Bwana Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akatia maji kwenye beseni akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Yohana 13. Akamaliza, akavaa, akaketi, akaanza kuwafundisha, na andiko alilolitaja hapo, kwenye aya ya 18, limetoka Zaburi ya 41: yule aliyekula chakula changu ameniinulia kisigino. Alikuwa ametoka kufanya kazi ya zaburi hiyo kwa mikono yake, mikono haijakauka vizuri.

Petro alikataa, mnakumbuka. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Mimi Petro huyu ninamwosha mara kwa mara. Ni mzee aliyetolewa mashine jana, sauti bado ya kukwaruza, na akili imerudi yote. Ndiyo kwanza anatambua kwamba siku zote hizo alikuwa akibadilishwa nepi na wasichana wa umri wa binti zake. Anashika shuka kwa vidole visivyo na nguvu. "Binti yangu, acha tu." Pengine ni mzee wa kanisa. Pengine nyumbani kwake hata mkwe wake hajawahi kumwona bila viatu. Huwa simbembelezi sana. Navuta pazia, namfunika taulo kubwa, naosha uso, mikono na mgongo, kisha nampa kitambaa chenye maji mkononi na kumwambia, "Baba, huku osha mwenyewe, mimi natazama dirishani, ukichoka niite." Mara nyingi huniita haraka, maana mkono wenyewe haufiki. Kujiachia uoshwe kunamgharimu mtu kuliko kuosha, na yule mvuvi wa Galilaya aliambiwa waziwazi: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami."

Halafu kuna kile kisigino. Yuda alikuwa bado yupo wakati wa beseni. Alitoka baadaye, baada ya lile tonge. Yesu alijua ni nani atakayemsaliti, Yohana anasema hivyo kwenye aya ya 11, na hasimulii kwamba alimruka. Maana yake kisigino kilichoinuliwa juu yake kilikuwa kimetoka kuoshwa naye.

Visigino kule ICU tunavitazama sana. Baada ya kile kifupa cha juu ya makalio, ndivyo vinavyowahi kuharibika, kwa kuwa ni mfupa na ngozi, katikati hamna kitu. Mto haukai chini ya kisigino. Unakaa chini ya shavu la mguu, ili kisigino kibaki hewani bila kugusa godoro.

Tuliwahi kumpokea kijana aliyepigwa na umati kwa kushukiwa wizi. Alikuja na pingu, na ingawa alikuwa amelazwa usingizi na mashine ndiyo inayompumulia, mkono mmoja ulifungwa kwenye chuma cha kitanda, na askari akapewa kiti cha plastiki mlangoni. Jamaa wa kitanda cha jirani waliuliza, kwa sauti ya kusikika, kwa nini kitanda kikaliwe na mwizi ilhali kuna watu wema wanakisubiri. Lile si swali la kijinga. Vitanda vya ICU nchini ni vichache, na waliosubiri walikuwepo kweli. Sikuwa na jibu la kuwapa, na hata leo sina.

Lakini saa ya kugeuza haingoji jibu. Ili tumgeuze ilibidi pingu ifunguliwe, basi askari akaja na ufunguo. Usiku ule tulikuwa pungufu ya mtu mmoja. Nikamwambia, "Afande, vaa glavu hizi, shika miguu." Akasita, akavaa. Tukahesabu, tukamviringisha, nikaosha na kutandika, na muda wote afande ameinua ile miguu miwili kwa viganja vyake, ameikodolea macho. Akasema, "Hivi ni visigino vya mtu wa mjengo." Vilikuwa vimepasukapasuka kweli, na saruji ndani ya nyufa. Nikasukuma mto chini, nikamwambia ashushe polepole, akashusha. Akafunga pingu yake, akarudi kwenye kiti.

Kijana alitoka ICU akiwa hai, bado amefungwa, akapelekwa wodi ya kawaida. Kama aliiba au hakuiba, hiyo ni kazi ya mahakama.

Kwa maombi ya juma hili, wakumbukeni waliolazwa muda mrefu ambao sasa hata majina yao yameacha kutajwa kwenye vikundi vyetu. Ombeeni jamaa wanaolala kwenye viti vya korido wakichangisha kwa simu, wagonjwa waliofungwa pingu na askari wanaowalinda, na wasaidizi wenzangu walio kwenye mikataba ya miezi michache michache ambao hawajui kama watakuwepo mwezi ujao. Wenye mgonjwa nyumbani asiyeweza kujigeuza, msione haya kuniuliza namna ya kupanga mito. Nitakuja mwenyewe nionyeshe, hasa kama ni huku Eastlands. Mwenye hitaji jingine aniandikie kabla ya saa 11 jioni, maana leo naingia zamu ya usiku na simu huwa naiacha kwenye kabati.