Jini bila sharti hanisisimui

Juzi nimemaliza riwaya ya mapenzi ya vampaya, wale wafu wanaoishi kwa kunyonya damu za watu, kurasa mia nne na ushee, nimeisoma usiku tatu mfululizo, na nilipofika mwisho nikabaki nimeishika tu mkononi nimekasirika. Sio kwamba imeandikwa vibaya, hapana, mwandishi anajua kazi, kuna mahali yule dada anaweka sikio kifuani kwa yule kaka anasubiri asikie moyo ukidunda na hasikii kitu, kimya kabisa, na bado hatoi sikio lake. Nilisimama hapo nikaparudia mara tatu. Lakini kuanzia sura inayofuata kila kitu kikaanza kulegezwa. Jua halimchomi kwa sababu ana pete, damu ya watu hanywi kwa sababu kuna dawa, ukoo wake wote wema, na mwishoni dada anageuzwa vampaya bila hata maumivu, anaamka ngozi inang'aa nywele zimekaa vizuri. Sasa ule ukimya wa kifuani ulikuwa wa kazi gani?

Nimekaa na hiyo hasira siku mbili ndo nikajua inatoka wapi. Inatoka kwenye sharti. Hadithi zote zilizowahi kunishika toka nikiwa mdogo zina sharti ndani yake, usigeuke nyuma, usifungue chumba cha saba, usimwambie mtu yeyote jina langu, na wewe unayesikiliza unajua kabisa kwamba chumba kitafunguliwa na bado mapigo yanakwenda mbio. Ukiondoa sharti umebaki na mtu tajiri mzuri wa sura anayeishi miaka mingi, basi. Mi sisomi mapenzi ya viumbe wa ajabu ili nikutane na mtu tajiri mzuri wa sura.

Chukua Dracula ya Bram Stoker, ya 1897. Yule kiumbe ana nguvu kuliko wanaume kumi, anajigeuza popo, anajigeuza ukungu, lakini haingii ndani ya nyumba mara ya kwanza mpaka mwenyeji wa humo amkaribishe. Nilipoisoma nikiwa kijana niliona ni kautaratibu tu ka vampaya, siku hizi naona ndo moyo wa hii aina nzima ya hadithi, kwa sababu kumbe hatari haivunji mlango, wewe ndo unaifungulia. Na mapenzi si ndo hivohivo jamani? Na miaka 25 kabla yake kulikuwa na Carmilla ya Le Fanu, 1872, vampaya mwanamke, gari la farasi linapata ajali karibu na nyumba, binti anahitaji pa kukaa, baba mwenye nyumba mwenyewe anasema aachwe tu, tutamtunza. Kwa moyo mweupe kabisa! Mpaka leo hiyo sehemu inanitisha kuliko damu zote zinazofuata.

Sasa njoo Twilight, 2005. Najua watu wanaisema sana hii kitabu na mi sipendi wanavyoisema, maana wengi wanachokicheka sio kitabu, wanawacheka mabinti wanaokisoma. Kitabu cha kwanza kina sharti na ni sharti zito, Edward, vampaya mwenyewe, alikuwa anakufa kwa ile homa ya mafua ya 1918 akageuzwa, ana miaka 17 milele, na katika watu wote duniani anampenda yule ambaye harufu ya damu yake inamtamanisha kuua. Akimsogelea anateseka, akimuacha anateseka. Hiyo ni stori, hata aseme nani. Kinachonikwama mi ni kitu kingine ambacho nilikipita nikiwa na miaka kumi na saba na hata nikatabasamu, ni kule Edward kuingia chumbani kwa Bella, huyo binti anayempenda, usiku akiwa amelala, bila yeye kujua, kukaa kumwangalia. Yaani jitu la 1897 ambalo limeumbwa litutishe lilikuwa linasubiri kukaribishwa, halafu mpenzi wa 2005 ambaye tumeumbiwa tumtamani anaingia bila hodi. Nikiifikiria hii nakosa raha kwa kweli. Sharti lililoondolewa lilikuwa ndo lile lililomlinda msichana, na vitabu vingi vilivyofuata vimechukua hilo la kuingia bila hodi kuliko lile la mateso.

Na mwaka huohuo, 2005, Octavia Butler alitoa Fledgling, ambayo watu wachache sana wananiambia wameisoma. Vampaya wake hawaui wanaowanyonya. Wakikuuma unasikia raha, unapona haraka, unaishi miaka mingi kuliko mtu wa kawaida, ila baada ya muda mwili wako hauwezi tena kukaa bila wao, na aliyekufunga hivyo akifa na wewe maisha yako yako hatarini. Kwa hiyo kila mtu kwenye kile kitabu anayesema nampenda inabidi ujiulize anasema yeye au inasema sumu iliyo damuni mwake, na wenyewe wanajiuliza pia, na hawapati jibu zuri. Kitabu sio chepesi, kuna mambo humo yatakukwaza na mi yalinikwaza. Lakini hakuna mtu aliyefungua macho yangu kuhusu neno ridhaa kama yule mama.

Fantasia nayo ni hivohivo, huko naangalia uchawi unagharimu nini. Kuna watu ukiwatajia fantasia wanasema hizo ni hadithi za kuiga wageni, mi nawauliza, Adili na Nduguze mliisoma kama nini? Shaaban Robert, 1952, majini mle, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea Adili, na Adili ameachiwa sharti la kuwachapa kila usiku. Kila usiku! Anawachapa na moyo unamuuma kwa sababu chini ya yale manyoya ni nduguze. Hiyo picha ya mtu na mjeledi na manyani wawili ambao ni damu yake mi sijaisahau, na sijakutana na vita vya madragoni vilivyonikaa kichwani hivyo.

Ursula K. Le Guin naye, A Wizard of Earthsea, 1968. Uchawi wake wote umekaa kwenye majina, kila kitu kina jina la kweli, ukilijua una nguvu juu yake, kwa hiyo kumwambia mtu jina lako la kweli ni kumpa roho yako mkononi. Kuna mahali rafiki anamwambia Ged, kijana mchawi ambaye kitabu kinamfuata, jina lake la kweli wakati Ged amevunjika kabisa, hana thamani hata machoni pake mwenyewe, na ni neno moja tu, hakuna busu wala mwezi, lakini mi nililia. Kwenye kitabu hichohicho kinatajwa kisa cha mchawi aliyependa kujigeuza dubu, akawa anajigeuza mara kwa mara, dubu akazidi kukua ndani yake na mtu akazidi kupungua, mpaka siku moja akamuua mwanawe mdogo porini. Mistari michache tu imeandikwa, halafu stori inaendelea. Baadaye Ged anapojigeuza kipanga akapaa juu ya bahari siku kadhaa, huhitaji kuambiwa uogope, umeshaogopa.

Linganisha na hizi ambazo steringi anasemwa ni mteule toka sura ya kwanza, hajui hata kushika upanga, halafu kwenye vita ya mwisho anapiga ukelele mwanga unamtoka mikononi maadui wote wanaanguka. Nguvu hiyo ilikuwa wapi kurasa mia sita? Imetoka wapi, imemla nini? Mwandishi ananidai machozi na hajanilipisha kitu njiani. Ramani nzuri mwanzoni, nasaba za wafalme kurasa kumi, lugha ya kubuni na kamusi yake nyuma, vyote navipenda sana tena, lakini haviwezi kushika nafasi ya gharama.

Halafu distopia, hadithi za nchi za kubuni ambazo utawala wake unawabana watu kila upande. Hapa sharti halijawekwa na jini wala na mizimu, limewekwa na watu wamekaa kwenye meza, na ndo maana kati ya aina zote tatu hii ndo huwa inanikosesha usingizi. Kitu cha kwanza natafuta ni sharti linavyoingia jikoni na chumbani kwa mtu wa kawaida. Zamyatin, Mrusi, aliandika kitabu kinaitwa Sisi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwao hakikuruhusiwa kuchapwa mpaka 1988, na mle watu wanaishi kwenye nyumba za vioo, kila mtu anamuona kila mtu, na ukitaka kushusha pazia uwe na mwenzako lazima uwe na kikaratasi cha rangi ya waridi na muda umepangwa. Kikaratasi kile kidogo kinaeleza dola nzima.

The Hunger Games ya Suzanne Collins, 2008, wengi wanakumbuka mishale na yale magauni ya moto, mi nakumbuka hesabu. Mtoto anaanza kuingizwa kwenye bahati nasibu ya kifo, ya kuchagua watoto watakaopelekwa kuuana, akiwa na miaka 12 na jina lake moja, kila mwaka linaongezeka moja, lakini kama kwenu kuna njaa unaruhusiwa kuongeza jina lako mara nyingine upewe nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, na yote yanajumlishwa, hayafutiki. Kwa hiyo Katniss, msichana anayetusimulia, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20, rafiki yake Gale ana 18 limo mara 42, na mtoto wa meya hajaongeza hata moja. Hakuna aliyewalazimisha, unaona? Wamejiandikisha wenyewe kwa sababu ya njaa. Baada ya mafanikio yake zikaja nyingi sana zenye mji uliogawanywa makundi na msichana na wavulana wawili, na nyingi nimezisoma, na nilikuwa nikifika katikati najiuliza chakula cha hawa watu kinalimwa na nani, nani anafaidika makundi yakikaa hivi, na kitabu hakijui, kinajua tu yupi kati ya wale wavulana ana macho ya kijivu.

Margaret Atwood alipoandika The Handmaid's Tale, ya 1985, alijiwekea sharti yeye mwenyewe, asitie ndani kitu ambacho binadamu hawajawahi kukifanya mahali fulani. Ndo maana huwezi kujificha ukiisoma. Na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, nchi iko angani haigusi ardhi, lakini wajumbe sita wanatumwa kila upande kutafuta mema ya nchi yao, wakirudi na mema hayo wanafungwa, mmoja baada ya mwingine, na anayetusimulia hayo ni mshtakiwa Karama amesimama kizimbani. Nchi ya angani, na sikuona kitu hata kimoja mle kilichonishangaza kuhusu watu.

Ile ya vampaya sijaitupa. Nimemwazima rafiki yangu ambaye anapenda hizi kuliko mimi, nimemkunjia ukurasa ule wa sikio kifuani, nikamwambia asome mpaka hapo aifunge, aniambie yeye angeendeleaje.