Siku Moja Maishani Mwangu: Hamira Iliyobeba Kipokezi cha Binadamu

Saa 1:30 asubuhi. Ninapofungua inkubeta iliyowekwa nyuzi 30, harufu inayonipokea ni ile ile ya unga wa mandazi uliolala ukiumuka. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu kutoka Tanga, nasoma Uingereza, na mifugo yangu ni seli za hamira. Nilizipanda jana jioni katika maji yaliyokuwa meupe. Kwa kuwa hujigawa kila baada ya dakika 90 hivi zikishiba, leo chupa imekuwa nzito kama tui la kwanza.

Saa 2:15. Kahawa kwanza, na hiyo nayo imo katika kazi. Kafeini hutuchangamsha kwa kukalia vipokezi vya adenosini (vipokezi ni protini za kwenye utando wa seli zinazopokea ishara kutoka nje), kikiwemo kile kiitwacho A2A katika seli za ubongo, hivyo kuizuia adenosini, iletayo usingizi, isipate pa kushika. Kipokezi hicho hicho ndicho nilichokipandikiza kwenye hamira, nipime jinsi kafeini inavyokiziba.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie seli za binadamu. Binadamu ana jeni zipatazo 800 za vipokezi vya ukoo huu, na seli yetu moja huwa na vya aina nyingi kwa pamoja, kiasi kwamba dawa ikidondoshwa ni vigumu kujua ni kipi kilichoitika. Hamira ya aina a, mojawapo ya “jinsia” mbili za hamira, humtafuta mwenza wake kwa kipokezi kimoja tu, Ste2. Tukikiondoa, njia nzima ya kupitishia ishara ndani ya seli hunyamaza na kumsubiri mgeni tutakayemweka. Mwaka 1990 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Robert Lefkowitz aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 2012, lilionyesha kwamba kipokezi cha adrenalini cha binadamu kinaweza kuiendesha njia hiyo.

Mgeni hahamii bila matengenezo. Asidi amino tano za mwisho za Gpa1, protini ya hamira inayopokea ishara ya kipokezi ndani ya seli, zimebadilishwa zifanane na za binadamu, ili kipokezi kipate wa kuzungumza naye. Jeni ya FAR1 imeondolewa, kwa sababu seli ikipata ishara ya mwenza huacha kugawanyika ikijiandaa kwa ndoa, nami nataka iendelee kuzaana. Mwisho, jeni ya HIS3, inayoiwezesha seli kujitengenezea histidini, asidi amino ambayo haiwezi kukua bila hiyo, imeunganishwa na swichi ya FUS1 inayowashwa na ishara hiyo. Kwa hiyo, katika chakula kisicho na histidini, seli ambayo kipokezi chake kimeamshwa hukua, na nyingine hubaki na njaa.

Saa 4 hadi saa 7 ni pipeti tu, vishimo 96 kwa kila sahani, na kidole gumba kinauma.

Saa 9 alasiri. Ninasoma sahani za juzi. Vishimo vyenye NECA, kemikali inayoiga adenosini, vimejaa ukungu mweupe kama nilivyotarajia. Tatizo ni kwamba hata safu isiyotiwa chochote imekua. HIS3 huvuja kidogo hata swichi ikiwa imezimwa, ndiyo maana huwa tunatia aminotriazoli, kemikali inayozuia kazi ya protini ya HIS3, kuudhibiti uvujaji huo. Naishika chupa ya aminotriazoli: maandishi ni yangu, tarehe imefutika, na sikumbuki niliichanganya lini.

Safu moja tu imenusurika, ile yenye kafeini pamoja na histidini ya kutosha, ambayo imekua vizuri. Siidharau. Kafeini ikizidi huidhuru hamira yenyewe, na bila safu hiyo ningeweza kudhani kwamba kipokezi kimezibwa kumbe seli zimelishwa sumu.

Saa 11:30 jioni. Sahani zilizoharibika zimeingia kwenye mtambo wa mvuke, kwa kuwa hamira iliyobadilishwa jeni haimwagwi kwenye sinki, na sahani za asubuhi, zilizotiwa kutoka chupa ile ile, zimezifuata. Nimechanganya aminotriazoli mpya, nikaandika tarehe kwa kalamu isiyofutika, pande mbili za chupa. Napanda hamira nyingine na kuzima taa.