Swali la binti wa Wales

Kuna swali limeniganda tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Nimekwenda nalo maktaba, nimepika nalo, limenifuata hadi kwenye mswala, Mungu anisamehe. Naliandika hapa kwa sababu mambo yangu mengi hupungua uzito nikishawaambia nyinyi.

Ni kule klabuni. Niliposema nimejiunga na klabu ya chuo ya mieleka na mapigano mchanganyiko, wengi wenu mliniuliza kama ni mimi kweli. Mama aliuliza kwa namna yake: "Mwanangu, umekwenda Ulaya kusoma au kugaragazwa?" Kaka yeye alifurahi mpaka akanipigia simu usiku wa manane. Tangu Francis Ngannou, yule mpiganaji wa Kameruni, alipomwangusha Stipe Miocic mwezi Machi 2021, mpira kwake umekuwa jambo la pili, na ukimpa nafasi atakusimulia upya yule bwana alivyochimba mchanga kwao Batié, akalala nje Paris, akaja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Nilimweleza kwamba ngumi na mateke ni za Ijumaa, na mimi bado sijazigusa. Sisi wa Jumatano tunakabana tu, jiujitsu ya Brazil na mieleka kidogo.

Aliyenielewa haraka kuliko wote ni yule mzee wa Kiyemeni ninayenunua nyama kwake, mnamkumbuka. Aliacha mizani akaanza habari za Naseem Hamed, mtoto wa Wayemeni aliyezaliwa hapahapa Sheffield mwaka 1974, akafundishwa ngumi na Brendan Ingle katika ukumbi wa kanisa kule Wincobank mpaka akawa bingwa wa dunia. "Hata wazee wetu walinung'unika mwanzoni," akaniambia. "Mkanda ulipokuja, wote wakawa baba zake." Akanizidishia nyama.

Jumatano jioni ni saa ya wanawake watupu, na hiyo ndiyo iliyonitoa woga. Mwalimu ni mwanamke, mkanda wa zambarau, sauti yake ya chini. Navaa hijabu ya michezo, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote. Sheria zao ni chache na wanazishika: kucha fupi, hereni na pete zinavuliwa, kiatu hakikanyagi godoro, mwenye choa anabaki nyumbani mpaka apone, na mazoezi yakiisha kila mtu anashika dekio mpaka magodoro yote yapigwe dawa. Muuguzi gani asiyewapenda watu hao? Halafu kuna zoezi la kupasha mwili wanaloliita uduvi. Unalala ubavu, unakunja magoti, unasukuma nyonga nyuma, unateleza hivyo mpaka mwisho wa ukumbi. Ndilo linalokutoa chini ya mtu mzito kuliko wewe. Miaka yote nimewainua wagonjwa kwa mgongo na mabega, sikujua kwamba nyonga zina nguvu kiasi hicho.

Basi Jumatano ile tulipewa raundi za dakika tano za kukabana kweli, nikapangwa na binti wa Wales. Ana miaka 19, anasoma uhandisi, mkanda wa bluu, kimo chake kinanifika begani. Hakukawia kufika mgongoni kwangu. Miguu yake ikaingia ndani ya mapaja yangu, mkono wa kulia ukapita chini ya kidevu mpaka kiwiko kikakaa katikati ya koo, kiganja kikashika msuli wa mkono wake wa kushoto, na kile kiganja cha kushoto kikajificha nyuma ya kisogo changu. Kabali iliyokamilika. Mishipa ile miwili ya shingo naijua kwa kazi yangu, nimeishika mara nyingi kutafuta mapigo ya mtu aliyezimia. Ikibanwa yote miwili pamoja, damu ya ubongo inapungua na fahamu zinaondoka ndani ya sekunde chache, hata kama pumzi bado inapita. Dawa yake ni kugonga. Unampiga mwenzako kofi jepesi mara mbili tatu, popote mkono unapofika, naye anaachia papo hapo.

Sikugonga. Nilikaza shingo, nikafumba macho, nikangoja. Masikio yakaanza kuvuma. Kisha mkono ukalegea.

Binti akazunguka akakaa mbele yangu, akajifuta jasho kwa mkono wa fulana. Hakukasirika wala hakucheka.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Huwa unasubiri mpaka watu waache wenyewe?"

"Hapana."

"Haya."

Akafunga nywele zake upya, kengele ikalia, tukabadilishana wenza. Mazungumzo yote ndiyo hayo.

Wiki hii pendekezo langu la tasnifu limepitishwa, saa zimerudishwa nyuma na jua linazama saa kumi na nusu jioni, dada kajifungua salama mtoto wa kiume, alhamdulillahi, na mimi katikati ya yote hayo niko palepale kwenye godoro, najibu "hapana".

Kwanza nililisikia kama dharau. Nikiwa kwenye tramu, mashavu bado yananiwaka, nikawa najiambia: mtoto huyu, ambaye mama yake bado anamfulia nguo mwisho wa wiki, anijue mimi kwa lipi? Nilitunga majibu mpaka nikapitiliza kituo. Kesho yake likanijia kama swali la kikazi. Anayekaba hana kipimo kingine zaidi ya mkono wa mwenzake. Usipogonga, unamwachia yeye kazi ya kukisia wakati gani shingo yako imefika mwisho, naye ana miaka 19 na hataki kumzimisha mtu. Alikuwa na haki ya kuuliza kabla hajanikaba tena. Hapo nilitulia kidogo, nikalala.

Usiku wa Ijumaa likarudi kwa sura ya tatu. Nililisikia bila sauti yake, kama vile limeulizwa na mtu anayenijua tangu utotoni, na jibu halikuwa "hapana".

Mama aliponipigia kunipa habari za mtoto, hata kabla hajataja uzito wake alisema: "Dada yako hodari, hakutoa hata sauti." Alikuwa na furaha tele, na mimi nilifurahi naye, sikusema kitu. Lakini ndivyo tulivyokuwa tukiwapima kina mama wodi ya wazazi. Aliyelia aliambiwa awatazame wenzake. Aliyeuma kanga akajifungua kimya alisifiwa mpaka zamu ya asubuhi. Na kimya hicho nimekiona kinavyofanya kazi yake. Mama amelala, kichwa kinamuuma tangu alfajiri, macho yanaona ukungu, miguu imevimba, hajamwambia mtu kwa sababu hataki kuonekana msumbufu. Mnajua mmekaribia kifafa cha mimba pale tu mnapofunga mashine ya presha mkononi. Yeye ukimuuliza atakwambia hajambo. Atakwambia hajambo na tabasamu juu.

Hatukuzaliwa hivyo. Tumefundishwa, na waliotufundisha walikuwa wanatupenda. Shangazi hajawahi kuhudhuria harusi asimwambie bi harusi avumilie, mvumilivu hula mbivu, na hulisema kwa machozi, kwa mapenzi ya kweli. Ya Moshi mnayajua, siyarudii. Nasema tu kwamba kule nako nilikaa nikisubiri mtu aache mwenyewe, na hakuacha.

Jumapili mwalimu alitufundisha kufuli la bega, lile la kuukunja mkono wa mwenzako nyuma ya mgongo wake mpaka bega likatae. Linaitwa kimura, kwa jina la Masahiko Kimura, mpigana judo wa Japani. Tulipokaa kunywa maji akatusimulia. Mwezi Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã kule Rio, Kimura alikutana na Hélio Gracie, mmoja wa wale walioijenga jiujitsu ya Brazil kutokana na judo iliyoletwa na Mjapani Mitsuyo Maeda mwaka 1914. Kimura alikuwa mzito zaidi kwa mbali. Akaupata mkono wa Hélio, akaukunja, akaukunja zaidi. Hélio hakugonga. Kaka yake, Carlos, aliyekuwa pembeni, ndiye aliyelisimamisha pambano.

Wasichana wote wakaguna kwa heshima. Hélio anasifiwa mpaka leo kwa kutogonga, na ninaelewa kwa nini, alikuwa mbele ya maelfu ya watu wa nchi yake. Mimi nilimfikiria Carlos. Kusimama pale, uwanja mzima ukipiga kelele, unautazama mkono wa mdogo wako ukienda mahali mkono haupaswi kwenda, huku mwenyewe hasemi, na wewe ndiye uamue. Shujaa wangu wa siku ile ni Carlos. Laiti kila aliyefumba macho akangoja angekuwa na mtu wa kusimama pembeni namna hiyo.

Jana ikawa Jumatano tena. Nilikwenda nimejaa maneno ya kumwambia binti wa Wales, kwa Kiingereza safi, nimeyapanga njia nzima. Sikuyasema. Tulipopangwa pamoja alinipa mkono kama kawaida, tukaanza, akanizunguka, na mkono wake ulipoanza tu kupita chini ya kidevu, hata haujabana, nikamgonga mara mbili kwenye paja.

Akaachia. Hapo hapo, mkono wote, kana kwamba nimebonyeza kitufe.

"Safi," akasema, tukaanza upya.

Jamani, sijui niwaelezeje. Nilitamani turudie. Nilimwacha anishike tena, nikagonga, akaachia. Nikagonga mapema, nikagonga nimechelewa kidogo, nikagonga kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa, na kila mara aliachia bila kuuliza sababu, bila kununa, bila kuniambia ningeweza kuvumilia zaidi. Raundi ilipoisha nilikuwa nacheka na yeye anacheka, wala hakujua tunacheka nini.

Kikaja kilichonifurahisha kuliko hicho. Alikuwepo mgeni, msichana wa Malaysia, hijabu yake imefungwa kwa pini ambazo mwalimu alimwomba azitoe, akampa ya akiba ya michezo. Nilipewa mimi nimwonyeshe kabali. Nilikaa mgongoni kwake taratibu, nikapitisha mkono, nikausikia mshipa wake ukidunda kwenye mfupa wa mkono wangu, haraka haraka, ana woga. Vidole vyake vikanigusa. Havikupiga kofi, viligusa tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Na mkono wangu ulikuwa umeshafunguka kabla sijafikiri.

Akageuka akanitazama macho yamemtoka. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema yuko sawa, tena akaomba turudie, safari hii yeye awe nyuma. Nikampa mgongo wangu nikamwelekeza kiwiko kikae wapi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, vilima vyote vile vya Sheffield na baridi yake, sikusikia kuchoka.

Nitamwambia dada siku moja, akishapata usingizi. Nitamwambia pia kwamba mtoto akilia amlilie tu.

Haya, sasa hili ni la Kaka, maana najua unasoma hapa hata kama ujumbe wangu wa simu hujibu. Vuli imeanza huko na ule mwembe bado umeegemea paa la jiko la Mama. Uliniambia fundi wa msumeno atakuja baada ya Ijumaa, na Ijumaa imeshapita. Dada na mtoto wapo kwa Mama arobaini yote, chumba chao ndicho kinachopakana na jiko. Pesa ya fundi nilituma tangu mwezi uliopita. Kama huyo hapatikani tafuta mwingine, hata wa Muheza, nauli nitalipa. Nijibu leo, Kaka, nimeona kwenye simu kwamba kesho Tanga kuna upepo mkali.